Ua Shavuni mwa Gachau

Mume wangu Gachau alirudi nyumbani Alhamisi saa kumi jioni, mapema kuliko kawaida yake, akiwa na ua shavuni. Si ua la kuchuma. Lilikuwa limechapika kwenye ngozi, petali tano na kajani kamoja, vile foronya iliyotariziwa kwa uzi mnene humwachia mtu alama akiulalia mto muda mrefu. Nilikuwa nimemshikia kikombe cha chai. Nilikiweka chini kwanza, maana najijua.

Mimi sina foronya ya maua. Nauza mapazia na mashuka Thika mjini, mwaka wa kumi na saba sasa, na hapa kwangu Ngoingwa foronya zote ni nyeupe, hazina hata mstari.

"Umelala wapi?" nikamuuliza.

"Kulala? Si nimetoka kazini, Mama Emmah."

"Na hilo shavu?"

Akajipapasa shavu. Akapapasa lile lingine, lisilo na kitu. "Labda nilisinzia kidogo pale kwa mbao."

"Kumbe siku hizi Ruiru mnauza mbao za maua!"

Hakucheka. Alichukua kikombe chake akaenda zake nyuma, kwenye thingira, akafunga mlango. Nilibaki jikoni nikikata sukuma wiki kwa hasira mpaka ikawa unga.

Hapa lazima niseme habari ya hiyo thingira, na nitaisema vile ilivyo hata kama inaniaibisha. Zamani kwetu Wakikuyu mwanamume mwenye boma lake alikuwa na nyumba yake mwenyewe, mbali kidogo na ya mke, ya kulala na kuongea na wageni wake. Siku hizi imerudi. Mwanamume akipata kanafasi nyuma ya nyumba anajenga kachumba, anaweka kitanda, kiti na redio, anaita thingira, na wenzake wanamheshimu. Ya Gachau ni ya mbao za mkaratusi kutoka yadi yake, imepigwa vanishi, inang'aa. Ilipoisha, akina mama wa kanisa walikuja kuiona nikawapikia chapati. Nikawaambia, "Mnaona vile nampa mzee wangu heshima?" Wakapiga makofi. Mimi ndiye hufunza mabibi harusi pale kanisani, ile Ijumaa kabla ya harusi, kwa hivyo wakaona nafanya ninachofundisha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na kukoroma. Gachau hukoroma kama ile randa kubwa ya yadi ikipewa mbao yenye fundo. Karibu miaka ishirini nilivumilia. Nilipoona wazee wanaongea mambo ya mila, nikamwingiza maneno polepole: mwanamume wa miaka yako, na huna thingira? Akafurahi, maskini, akidhani ni heshima. Miaka minane sasa yeye analala nyuma na mimi ndani, na mimi nalala kama mtoto.

Sasa, moyo. Mwezi wa pili mwaka huu alikuja akaketi kwenye ngazi ya duka langu, mkono kifuani, akasema, "Mama Emmah, huku ndani kunarukaruka." Nilimpeleka kwa daktari mmoja wa moyo hapa Thika, Dkt. Muriithi, kijana mpole wa miwani. Wakampima, wakatuonyesha karatasi ya mistari. Ile milima midogo inayofaa kufuatana kwa nafasi sawa ilikuwa imetawanyika ovyo. Daktari alitueleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, damu inakaa mle ndani, inaweza kuganda, na bonge likienda kwenye ubongo mtu anaanguka upande mmoja. Akampa dawa za kuzuia damu isigande. Mwezi wa nne wakamlaza, wakampa dawa ya usingizi, wakampiga shoti ya umeme kifuani, na moyo ukarudi kwenye mstari. Tulishukuru Mungu, tukachinja kuku. Wiki sita baadaye ukaanza tena kurukaruka.

Ndipo Jumanne ya wiki hiyohiyo ya ua tukarudi kwa daktari. Akatazama karatasi, akaweka kalamu chini, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe ndiye unaweza kunisaidia hapa. Mzee akilala, umewahi kuona pumzi yake ikisimama? Anakoroma, halafu kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini?"

Nisikilize vizuri. Kusema "sijui" kulikuwa ni kusema silali na mume wangu. Mimi! Mwenye kufunza wengine! Na mle ndani kulikuwa na nesi ambaye nilimfunza mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

"Hapana, daktari," nikasema. "Anakoroma tu, kama wanaume wote. Mimi ndiye nalala naye, si ningejua?"

Gachau aliniangalia. Kisha akatazama viatu vyake.

"Sawa," daktari akasema, akaandika. "Ningekuwa nimepata hilo, ningeanzia hapo, kwa sababu shoti haidumu kama moyo unanyongwa kila usiku. Lakini kama halipo, mje Jumanne ijayo tupange shoti ya pili."

Nilitoka pale kichwa juu. Siku mbili baadaye, ua.

Ijumaa nilifunga duka saa saba, nikaenda Ruiru. Yadini nilimkuta fundi Nzau, mzee wa randa, amejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza mwenye yadi yuko wapi.

"Ameenda kupumzika," akasema.

"Kupumzika wapi?"

Akazima mashine. Nzau akizima mashine ujue mambo ni mabaya. "Mama, mimi ni mtu wa randa tu."

"Nzau!"

"Kwa yule fundi wa mito ya viti. Mama Cindy. Mwihoko, lile ploti la vyumba vya kupanga, lenye geti la bluu. Huenda saa saba, hurudi saa tisa."

"Leo?"

"Kila siku, mama."

Kila siku! Juu ya boda nilivua pete yangu nikaitia ndani ya sidiria, nisije nikaiharibu kwa meno ya mtu. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikuwa nimepanga hata nitaanza na mkono gani. Nilimwona huyo mwanamke kichwani, kijana, wa kucha ndefu, anacheka na meno yote, na Gachau wangu amelala kwenye maua yake. Wivu uliniwaka mpaka mwenye boda akaniuliza kama naumwa.

Ndani ya geti la bluu kulikuwa na wanawake watatu wanafua. Hawakushangaa hata kidogo. Mmoja akaelekeza kwa kidole chenye povu. "Unamtafuta Mama Cindy? Mlango ule ulio wazi."

Ulikuwa wazi kweli, hadi ukutani, na pazia limefungwa fundo juu. Hilo lilinivuruga kidogo, maana sijawahi kusikia watu wa dhambi wakiacha mlango wazi mbele ya watu wanaofua. Nikaingia.

Chumba kilikuwa kimoja, kimejaa sponji na vitambaa. Mwanamke wa umri wangu, mnene, ana miwani imefungwa kwa uzi, alikuwa ameketi kwenye cherehani. Hakuwa anashona. Miguu yake ilikuwa imesimama kwenye pedali, na mkono mmoja ameuinua juu kuniambia nyamaza, bila hata kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwa kitanda, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Gachau alikuwa amelala kitandani na nguo zake zote, hata soksi. Shavu lilikuwa kwenye mto wa maua. Na hakuwa anapumua.

Mimi nimeishi na huyo mtu miaka ishirini na minane na sikuwa nimeona kitu kama hicho. Kifua kilikuwa kinajaribu, kinavuta, tumbo linaingia, lakini hakuna hewa inayopita. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Niliganda mlangoni na ile mikono yangu niliyoipangia kazi.

"Ishirini na saba, ishirini na nane," mwanamke akasema kwa sauti, akainuka, akamsukuma bega kwa nguvu. "Baba Emmah! Rudi!"

Gachau akavuta pumzi kwa kishindo, mwili wote ukaruka, akageuka upande. Hakuamka. Akaanza kukoroma, ile randa yangu ya zamani. Mwanamke akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mrefu, na ndipo akanitazama.

"Wewe ni Mama Emmah," akasema. "Karibu uketi. Mimi naitwa Dianah."

"Sitaki kuketi! Mume wangu anafanya nini kwa kitanda chako?"

"Analala."

"Naona analala! Kwa nini analala hapa, na ana nyumba mbili Thika?"

Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisema alikuwa amekuja yadini mwezi wa kwanza kuchukua fremu za viti azitie mito. Akamkuta Gachau amesinzia kwenye kiti akisubiri mteja, pumzi ikasimama, akamtikisa. "Mume wangu Kivuva alikuwa hivyo," akasema. "Miaka sita nilikuwa namtikisa. Moyo wake nao ulianza kupiga ovyo, tukadhani ni mawazo. Siku moja nilienda Kitui kwa mazishi ya shangazi, akalala peke yake. Basi." Akakata uzi kwa meno. "Nilimwambia mzee wako aende hospitali, aseme. Akaniambia usiku anaogopa kulala, anakaa kwa kiti mpaka asubuhi. Nikamwambia aje mchana, mimi nashona tu, masikio yangu hayana kazi."

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata pasta. Afadhali ningewakuta na dhambi. Dhambi ningeipigia kelele, ploti lote lingenihurumia, ningelia, na yeye angepiga magoti. Lakini huyu mwanamke alikuwa amekaa miezi mitano akimsikiliza mume wangu kila siku. Alijua analalia upande gani. Alijua anafika ishirini na nane. Mimi nilijua bei ya vanishi ya thingira. Nilimwonea wivu kiasi cha kutaka kumng'oa ile miwani.

Gachau akaamka. Akaniona. Ua lilikuwa shavuni, jipya kabisa.

"Ngai," akasema, akaketi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Mimi si mkeo?"

Alivaa kiatu kimoja kwanza. "Ulinitoa kwa nyumba kwa sababu ya kelele, Mama Emmah. Ningekuja kukuambia nini? Ati sasa shida ni kimya?"

"Na kwa daktari? Si ungesema kwa daktari!"

"Ulishasema unalala na mimi. Nikikukanusha, itabidi niseme nalala wapi." Akavaa kile kingine. "Na sikutaka uaibike mbele ya yule nesi."

Woi. Mtu anakaribia kufa na anachunga aibu yangu.

Tulirudi Ngoingwa kwa matatu moja, viti tofauti. Jumamosi sikufungua duka. Jumapili nilisimama kanisani nikaimba na sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nafikiria Jumanne. Ningeweza kwenda na kusema mwenyewe, daktari, nimeona. Lakini nimeona mara moja, na angeniuliza maswali kumi na mimi ningekuwa na jibu moja. Na nikinyamaza watampiga shoti ya pili, moyo utarudi wiki sita, utaharibika tena, na siku moja nitapeleka chai nyuma na kuikuta redio ikiongea peke yake. Kila nilipofika hapo nilisimama. Jumatatu jioni nilimwomba Gachau ile namba. Aliniandikia nyuma ya risiti ya yadi.

"Mama Cindy," nikasema simuni. "Kesho saa nne, Thika. Na uvae vizuri, huko kuna watu wananijua."

Alikuja na gauni la zambarau alilojishonea, limemkaa, shetani huyu. Tukaingia watatu. Dkt. Muriithi alitazama viti viwili vyake, akatuma nesi, yule wangu, alete cha tatu.

"Huyu ni dada yenu?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Daktari, juzi nilikudanganya. Mimi silali na mume wangu, miaka minane. Nilimtoa kwa sababu anakoroma. Ukitaka kujua vile analala, muulize huyu."

Nesi alisimama na kiti mikononi. Nilimwangalia mpaka akakiweka chini.

Daktari hakuuliza mambo ya ndani, Mungu ambariki. Aligeuza kiti kuelekea kwa Dianah na akaanza. Pumzi inasimama muda gani? Kawaida ishirini, siku mbaya ishirini na nane. Mara ngapi? Kabla sijamaliza mto mmoja, mara kumi na tano au zaidi. Akilala chali? Hapo ndipo mbaya, namgeuza. Akiamka, kichwa kinamuuma? Kinamuuma, na mdomo unakauka, naweka maji karibu. Kila swali Dianah alikuwa nalo, taratibu, mikono magotini, na kila jibu lilinichoma. Nilikaa pale kama mgeni aliyekuja kusikiliza habari za mume wa mtu.

"Na kukoroma kulianza lini?"

Dianah akafungua mdomo.

"Mwaka wa tatu wa ndoa," nikasema haraka. "Nikiwa na mimba ya Emmah. Nilidhani ni gari nje."

Gachau alicheka. Mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Daktari alifuta alichokuwa ameandika juzi. Alitueleza kwamba koo linajifunga mtu akilala, hewa inakatika, kifua kinavuta bure na kuuvuta moyo pia, halafu mwili unashtuka na presha inaruka. Hivyo hivyo mara mia na zaidi kila usiku, mpaka vile vyumba vya juu vinatanuka na mpigo unapotea. Shoti ikaahirishwa. Akampa kifaa cha kulala nacho usiku mmoja, cha kidoleni na kifuani, na majibu yakarudi: mara arobaini na moja kwa saa. Ndipo akaandikiwa mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya puani na mikanda.

"Wiki za kwanza watu huivua wakiwa usingizini," daktari alisema siku ya kuichukua. "Lazima mtu awe chumba kimoja naye."

"Mimi," nikasema, kabla hajamaliza.

Dianah alikuwa amekuja hata siku hiyo, hajaitwa. Nje kwenye korido alinipa mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na ile foronya, imefuliwa, imepigwa pasi. "Ameizoea," akasema. Nilitaka kumrudishia. Nilisema asante, na ilinitoka kama jiwe.

Siku hizi thingira ina vitanda viwili. Akina mama wa kanisa wamesikia, na wameongea, na wamechoka kuongea. Dawa za damu anameza bado, na daktari amesema mwezi wa nane ataangalia kama ni wakati wa shoti tena. Mashine haina kelele, inavuma kidogo tu. Huwezi kuamini, siku za kwanza sikulala kwa sababu ya huo utulivu. Nilikuwa nahesabu. Sijawahi kufika hata nne.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa na chakula, Gachau alilala kidogo mchana na barakoa yake. Foronya ya maua ilikuwa chini ya kichwa chake, lakini nilikuwa nimeigeuza, maua yakaangalia godoro. Mimi ni binadamu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti napinda pazia la mteja wakati simu yangu ilipolia ndani ya mfuko wa aproni. Ujumbe wa Dianah, neno moja na alama ya kuuliza: "Amelala?"

Kila siku saa saba hutuma huo. Na kila siku unaniuma palepale. Nikasema leo simjibu. Acha naye akae hivyo, aangalie simu, asijue. Nikaweka simu kwenye goti nikaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, na kifua cha Gachau kikipanda na kushuka mbele yangu bila haraka. Nilipofika ishirini nilikuwa nimemwona Dianah kichwani, pale kwenye cherehani, miguu imesimama kwenye pedali.

Nilipofika ishirini na nane nikachukua simu, nikaandika: "Anapumua."